Baba wa Makaratasi

Kiyoyozi cha ile nyumba ya Fereej Bin Mahmoud kilikoroma kama mzee mwenye mafua, na hiyo ndiyo sauti ya kwanza ninayoikumbuka ya Doha. Nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nimetoka Eastleigh, Nairobi, ambako usingizi wangu ulizoea honi na kelele za wauza soksi, na sasa nilikuwa nimelazwa kwenye chumba chenye pazia zito, baridi ndani, jehanamu nje, huku moshi wa uunsi, ule ubani wetu Wasomali unaopikwa na sukari na manukato, ukipenya chini ya mlango. Aliyeufukiza alikuwa Asli, mke wa ami yangu Liban. Shule zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya joto, kwa hiyo kiangazi kizima sikuwa na kazi nyingine ila kujifunza kuwa mtoto wao.

Ilikuwa hivi. Baba yangu, Warfa, alikimbia Kismayu wakati wa vita akafika Nairobi bila karatasi hata moja, na bila karatasi alibaki, akiuza vitambaa kwenye kibanda. Mama alikuwa ameshafariki. Liban, mdogo wake baba, alikuwa na pasipoti ya Kenya na kazi ya ofisini Doha, na kazi ile ilimruhusu kuleta mke na watoto. Mtoto wa ndugu hakuruhusiwa. Basi ndugu wawili wakakaa mchana mmoja kwenye mkeka, chai katikati yao, wakanipanga mimi nikiwa nimekaa palepale. Msomali hana jina la ukoo. Ana jina lake, la baba yake, na la babu yake. Mimi nilikuwa Idil Warfa Geedi. Kwenye pasipoti nikawa Idil Liban Geedi, binti wa Liban. Neno moja tu la katikati ndilo lililobadilika; babu Geedi hakuguswa. Baba alicheka, akampiga Liban mgongoni. "Tazama," akasema, "hata hatujadanganya sana." Aliniambia ni jambo la muda, mpaka nimalize shule.

Asli ndiye aliyekuwa mwalimu wangu. Alikuwa mwanamke mwoga, maskini, na woga wake ulimfanya mkali. Kila asubuhi, akinisuka, aliniuliza: yule anayekunywa chai pale ni nani? Aabe, najibu, yaani baba. Na yule wa kwenye simu, Warfa? Adeer, yaani ami. Nikijikwaa anaanza mistari upya, na nywele zangu anazivuta zaidi. Kwa Kiswahili ningeponea, maana ndugu wa baba naye ni baba, baba mdogo, na hakuna anayekuuliza zaidi. Kisomali hakina huruma hiyo. "Ukikosea mbele ya jirani mmoja tu," Asli alikuwa akisema, "sote tunarudishwa. Liban anakosa kazi, na wewe ndiye utakuwa umemkosesha." Mtoto wa miaka tisa unamwambia hivyo! Nilianza kuota nikikosea. Kwa hiyo nilijifunza kwa bidii, wallahi, kuliko nilivyowahi kujifunza hesabu.

Baba alipiga simu kila Ijumaa baada ya swala. Kwa kawaida Liban au Asli alikaa kando yangu, nami nilisema salama, nimekula, nimeswali. Ijumaa moja Liban alikuwa amechelewa msikitini, na Asli alikuwa jikoni anakaanga sambusa. Nikapokea mwenyewe.

"Uko na nani hapo?" baba akauliza.

"Niko peke yangu."

"Peke yako kabisa?"

"Kabisa. Yeye yuko jikoni."

Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Haya niambie, Idil. Mimi ni nani wako?"

Nilidhani ni mtihani. Jamani, ningejuaje? Swali lilikuwa lilelile la kila asubuhi, na mimi nilikuwa nimelijibu mara mia. Nikamjibu kwa sauti ya mtoto anayengoja kusifiwa: "Wewe ni adeer."

Nyuma yake nilimsikia mtu akitangaza bei ya mapapai. Baba alimngoja yule mtu apite. Halafu akasema, "Vizuri. Umejifunza vizuri, maashallah," akakata simu. Nilikimbia jikoni kumwambia Asli kwamba nimefaulu. Akaweka mwiko chini, akaniuliza, "Ni yeye mwenyewe aliyekuuliza?" Nikasema ndiyo. Akanipa sambusa mbili za moto, akageukia sufuria yake, na tangu siku hiyo hakuniuliza tena ni nani.

Baba naye hakuniuliza tena. Nilipoelewa nilichokuwa nimemfanyia nilikuwa na miaka kumi na tatu hivi, na aibu ikanishika ulimi. Ningeweza kumwambia aabe Ijumaa yoyote ile. Nilikuwa na miaka na miaka ya kulisema neno hilo moja! Nilipokua nikawa muuguzi hapahapa Doha, nilikwenda Nairobi mara mbili kumwona, na unajua nilimwitaje? Mzee. Shikamoo, mzee. Kunywa dawa, mzee. Hilo neno linamfaa kila mwanamume mwenye mvi, na mimi nilijificha nyuma yake. Naye aliitika kila mara, kwa adabu, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Amefariki mwaka huu, Jumanne, akazikwa alasiri ileile kabla sijamaliza zamu. Nilikwenda ofisi ya wafanyakazi kuomba siku za kufiwa na mzazi. Karani wetu ni Mkenya mwenzangu, mtu mwema. Akafungua faili, akakunja uso. "Pole sana, sista. Lakini hapa babako ni Liban Geedi, na ako tu hapa Al Mansoura. Huyu Warfa ni nani?" Ningesema kweli, pasipoti yangu ingekuwa ya uongo, na kibali changu, na kazi yangu, na Liban uzeeni angeanza kujibu maswali ya askari. Nikasema ni ndugu wa baba. "Basi huyo ni anko," akasema. "Anko hana siku. Ningeweza, ningekusaidia." Nikamshukuru, nikarudi wodini.

Kiangazi kile nilimkana baba yangu kwa sababu nilikuwa mtoto na niliogopa kurudishwa. Leo ni mtu mzima, nina kazi na nyumba yangu Al Thumama, na bado naogopa kurudishwa. Shule niliimaliza zamani. Ule muda alioniambia haukuisha, na sasa hakuna wa kuumaliza.

Jioni nilikwenda Al Mansoura, nyumbani kwa Liban, ambako Wasomali wa Doha walikuwa wamekuja kumfariji kwa kufiwa na kaka yake. Asli amezeeka na miguu haimbebi, kwa hiyo mimi ndiye niliyepitisha chai na tende. Kila aliyeingia alimkumbatia Liban. Mama mmoja alinishika mkono uliobeba birika, akaniambia kwa upole, "Mwangalie sana baba yako siku hizi, binti. Kufiwa na ndugu si mchezo." Nikasema inshallah. Liban alimsikia. Alinitazama kwa macho yake mekundu, akafungua mdomo, nikadhani atasema, na kwa sekunde moja nikaomba aseme, liwe litakalokuwa. Mlango ukagongwa. Wakaingia wengine watatu, naye akajiinua kitini, akapokea pole zake, na zangu pia.