Nilizifungia mbegu za mama kwenye madonge ya udongo, Temeke

Wakuu, salaam kwenu nyote mnaoshika jembe mkitoka kazini.

Haya yamenipata mwenyewe, na udongo wake bado umo kwenye kucha zangu. Sina sababu ya kuongeza chumvi.

Mie ni mtu wa Upare. Baba Neema, mume wangu, ni karani bandarini, ndiyo maana tuko huku pwani.

Siku tunaondoka, mama alinifungia mbegu za nyanya kwenye kitambaa. Ni nyanya zake mwenyewe, ndogo, tamu, sijaziona kwingine. Tangu magoti yamshinde, halimi tena. Zile za kitambaani ndizo zilizobaki.

Masika yaliyopita nilisia nusu kwenye tuta. Zikaota vizuri. Nilipong'oa miche kuihamisha, mchanga wa huku ukapukutika mizizini, na kufika adhuhuri yote ilikuwa imelala.

Haikuamka.

Nikabaki na mbegu thelathini na moja. Safari hii nikamwendea jirani yangu Bi Zuhura, anayeuza mchicha Buguruni.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunialika matanga ya nyanya?"

Alipomaliza kunicheka, akanifundisha. Chukua kopo la sigareti, litoboe chini na juu libaki wazi pande zote mbili. Shindilia udongo ndani, usukume kwa kijiti, litoke donge. Juu yake mbegu moja. Siku ya kuhamisha unafukia donge zima, mzizi haujui kama umehama.

Sasa wakuu, mie baba yangu alikuwa mfyatua matofali. Mikono yangu inajua kazi moja tu ya udongo.

Nikachukua udongo mwekundu wa kukandika kuta. Nikaukanyaga kwa miguu, nikashindilia, nikatia mbegu zote, nikayaanika madonge juani yashike.

Yakashika kweli. Ukiligonga moja, linalia kama bilauri.

Kila asubuhi nilinyunyiza maji, yakateleza. Siku ya tisa hakuna kilichoota. Baba Neema akayatazama, akasema taratibu, "Ongeza mengine kidogo, Mama Neema, tujengee choo."

Nikamwita Bi Zuhura. Akaligonga donge kwa ukucha.

"Mwanangu, umezijengea mbegu nyumba, ukasahau mlango."

Nikalia. Hapo hakucheka tena.

"Maji yaliingia ndani?"

"Yanateleza tu."

"Basi hazijaoza. Zimelala. Lete beseni."

Tukayaloweka mpaka alasiri, yakayeyuka yakawa uji. Tukachuja kwa chujio la nazi, kidogo kidogo, tukiinamia beseni kama watu waliodondosha kipini cha pua. Tukapata ishirini na sita.

Udongo wa pili aliuchanganya yeye: majani yaliyooza chini ya mikorosho, samadi ya mbuzi ya zamani, mchanga kidogo. Ukiufumbata unashikana, ukiuchokoa kwa kidole unaachia. Tukayapanga madonge kwenye sinia, kivulini, na maji tukamimina kwenye sinia yanywe kwa chini.

Siku ya sita nilitoka na ufagio mkononi. Kwenye donge la pembeni kulikuwa na shingo ya kijani, imeinama, kama mtu anayepita mlango mfupi.

Nikamwita Baba Neema. Akaja na kiatu kimoja, akapiga magoti chini na suruali yake ya ofisini. Hakusema habari ya choo.

Ziliota kumi na tisa. Mizizi myeupe ilipochungulia ubavuni mwa madonge, tukayafukia mazima shambani. Siku ile nilisimama pale mpaka jua likapita utosini.

Hakuna mche uliolala. Nilikaa chini, palepale kwenye mchanga, pumzi ikanitoka yote.

Nyanya ya kwanza hatukuila. Nilikamua mbegu, nikazikausha, nikaziweka kwenye bahasha yenye stempu ya Malkia, nikampelekea mama, pamoja na barua ya kumweleza habari ya kopo, madonge na sinia.

Jibu limekuja juzi, kwa mwandiko wa kaka yangu: "Mama anauliza hilo kopo lina upana gani. Anasema kazi ya sinia ataifanya akiwa amekaa kwenye kigoda."

Nilichojifunza ni hiki: udongo wa kujengea na udongo wa kuoteshea haushindiliwi kwa mkono mmoja. Na mbegu isiyoota, usiitupe kabla hujaiuliza kama ilikunywa.

Kuna aliyejaribu madonge kwa kabichi? Jamvi ni lenu, wakuu, hata mkitaka kunicheka.