Barafu ya sangara na chanjo za Burundi

Jumanne nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja ya vibali hapa Mwanza. Mbele yangu alisimama mama mmoja mwuza sangara, na mbele yake sista aliyekuwa akipeleka chanjo za watoto Burundi, nchi ambayo sisi majirani tumeiwekea vikwazo vya biashara.

Karani alipitisha kalamu juu ya orodha ya vitu vinavyoruhusiwa. “Chanjo, sawa. Mafuta ya taa, hapana.”

“Kule hakuna umeme, mwanangu,” sista alisema. “Friji za chanjo zinatumia mafuta ya taa.”

“Nakuelewa, Sista. Lakini mafuta yamekatazwa, na orodha hii sikuiandika mimi.”

Mama wa sangara akaegemeza viwiko kwenye kaunta. “Samahani, baba. Wiki iliyopita uliniandikia kibali cha samaki. Barafu yangu uliiandika wapi?”

“Barafu haiandikwi, mama. Inasafiri na samaki.”

“Kwa nini?”

“Si wataoza?”

Mama alimtazama karani, kisha akamtazama sista.

Karani akanyanyua simu, akamweleza mkubwa wake mambo yote, hata hilo la barafu. Tukasubiri. Alipoiweka chini alikuwa anatabasamu. Akaandika, na sista akatusomea kwa sauti: “Chanjo, pamoja na mafuta ya taa ya kuzipoza.”

Nasikia wakubwa walioandika orodha ile walikaa mezani siku kadhaa. Bila shaka mchana waliletewa samaki. Wakikaa tena, wamwite pia mama aliyeuza samaki hao.