Nililificha Doa la Mdogo Wangu kwa Piko

Msiniulize jina. Wanaonijua hapa Kariakoo watanitambua wakisoma mistari miwili tu, na wanitambue! Nimekosa, na kosa lenyewe sikusingiziwa wala halikuwa bahati mbaya. Nililifanya kwa mikono yangu, macho yangu yakiona, tena nikapewa sifa.

Kazi yangu ni kupamba maharusi. Hina, piko ile rangi nyeusi ya kuchorea maua, singo ya kusugulia mwili, kusuka, yote mimi. Ukiona bibi harusi wa mitaa hii ya Msimbazi ana maua ya piko yamepanda hadi magotini, ujue amepita mikononi mwangu. Nilikuwa najisifu kwamba nimeshika nyayo nyingi mno, hakuna mguu wa kunibabaisha. Kiburi kitupu!

Mdogo wangu, nitamwita Tatu ingawa si jina lake, nilimlea mimi baada ya mama yetu kufariki. Alipoposwa na kijana bwana shamba, nilifurahi kuliko yeye. Harusi ilibidi iharakishwe, maana bwana harusi alikuwa amepangiwa kijiji cha ujamaa huko mbali na alitaka aondoke na mke wake.

Siku ya kumpaka hina nikamkalisha mkekani, nikaushika mguu wa kulia. Nikaliona. Doa jeusi kwenye unyayo, karibu na kisigino, ukubwa wa kunde moja. Kingo zake hazikunyooka. Upande mmoja lilikuwa jeusi tii, upande wa pili kahawia.

"Hili nini?"

"Lipo tangu mwaka jana, dada. Lilianza dogo kama ncha ya kalamu. Nesi wa zahanati kaliona, kaniandikia barua niende hospitali kubwa. Nataka niende kesho kutwa."

"Wiki ya harusi? Una akili wewe?"

"Haliumi, dada, lakini linakua."

"Kama haliumi basi si ugonjwa! Umekanyaga kitu, damu imevilia."

"Nesi anasema huenda ikawa kansa ya ngozi."

Nilicheka, jamani. Nilicheka mpaka nikaweka bakuli la hina chini. Nikamwambia kansa ya ngozi ni ya Wazungu na mazeruzeru, watu wanaobabuliwa na jua. Sisi weusi hivi, tena doa lenyewe liko chini ya mguu, jua litalifikiaje?

Lakini hofu yangu ilikuwa nyingine. Mawifi wangekuja kumtazama bibi harusi kitandani, amenyoosha miguu. Wangeliona lile doa, wangeanza kunong'ona kwamba tumewapa mgonjwa wa ukoma. Niliogopa maneno ya watu!

Nikachukua wembe, nikalikwangua. Likatoa damu, lenyewe halikutoka. Kesho yake nikachora ua la piko juu yake, doa likawa kiini cha ua. Mawifi walipokuja walipiga vigelegele, na mmoja akauliza nani kauchora unyayo mzuri namna ile. Nikajibu kwa sauti kubwa kwamba ni mimi.

Barua ya nesi niliichana mwenyewe. Tatu alilia kidogo, kisha akanyamaza, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mama yake na alizoea kunitii. Siku ya kuondoka nikamfungia pakiti za hina na piko kwenye kanga.

"Likichomoza, lipake. Mumeo asilione."

Alifanya hivyo karibu mwaka mzima. Mumewe kutwa yuko shambani na wanakijiji, akirudi anaona miguu imepambwa, anadhani mkewe anajiremba kwa ajili yake.

Alipokuja kunitembelea, alishuka kwenye basi akichechemea. Nilipofungua kitambaa alichoufunga mguu nilikuta kinyama cheusi kimeota pale pale, kinatoa damu na harufu. Kwenye kinena alikuwa na uvimbe mgumu. Nikasema ni mtoki tu, umeletwa na kidonda. Hata hapo bado nilijifanya najua! Nikaukanda kwa mafuta ya moto siku kumi, mpaka mumewe alipofika, akauona mguu, akambeba kwenda hospitali bila kuniaga. Nikawafuata kwa miguu.

Daktari alinieleza taratibu, kama mtu anayemhurumia mjinga.

"Mama, hii inaitwa melanoma. Inaanzia kwenye zile chembe zinazoipa ngozi rangi, na kila mtu anazo, mweusi na mweupe. Iko inayotambaa juu ya ngozi kwa muda kabla ya kuzama ndani. Iko inayoota kinundu na kwenda mbio. Nyingine huwapata zaidi wazee weupe usoni, kwa jua la miaka mingi. Na iko hii ya nyayo, viganja na chini ya kucha, haina habari na jua. Sisi weusi, hii ndiyo inayotupata zaidi."

Kisha akamgeukia Tatu. "Doa lilianza lini? Hukuliona?"

Tatu alinitazama. Nilitamani ardhi inimeze.

"Sikuliona mapema, daktari," akasema.

Alinisitiri! Mguu unakwenda kukatwa, naye bado ananisitiri mimi dada yake.

Walimkata, lakini ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye mapafu. Hakuifikia Ramadhani.

Baada ya arobaini nilimwendea mumewe, nikamweleza yote: wembe, piko, barua niliyoichana. Nilitaka anitukane, ningepumua. Hakunitukana.

"Shemeji," akasema, "ungeniambia siku ile ile. Harusi ningeisogeza mimi mwenyewe."

Basi. Ni hayo tu aliyosema, na ndiyo yanayonila mpaka leo.

Ndugu zangu, kageuzeni nyayo zenu. Tazameni viganja, tazameni chini ya kucha, watazameni na wazee wenu wasioweza kuinama. Doa jipya, au la zamani linalokua, linalobadilika rangi, linalotoa damu, msilikwangue, msilipake kitu, wala msingoje liume. Nendeni hospitali, hata kama ni asubuhi ya harusi! Watu watasema wiki moja, watachoka. Mimi mdogo wangu simpati tena.