Dagaa Wasiotuliwa na Nzi

Mimi nina kinyaa, na sioni haya kusema. Nyumbani kwetu Kasingirima, kando ya ziwa, kila mtu alijua kwamba nzi akitua kwenye sahani yangu, sahani hiyo nimeshamwachia yeye. Mama alinibembeleza, akanichapa, akanitishia njaa. Wapi! Nilikuwa radhi nishinde na tumbo tupu kuliko kula pale alipokanyaga mdudu yule. "Huyu mtoto amekosea mlango," mama alikuwa akiwaambia wageni. "Alitakiwa azaliwe kwa wakubwa."

Sasa mtu wa namna hiyo akazaliwa na mama anayeanika dagaa. Kila asubuhi tulishuka mwaloni, mitumbwi inakopakulia samaki, na ndoo, na dagaa wakamwagwa mchangani. Mchanga gani? Ule ule uliopitiwa na mbwa, ulionyewa na kuku, na nyuma ya mitumbwi ile iliyopinduliwa usiniulize watu walikuwa wanafanya nini. Ukipita, nzi waliinuka wote kwa pamoja, ukawasikia, halafu wakarudi kukaa. Siku za mvua dagaa walikataa kukauka, na ukiwageuza unakuta funza wanajinyonganyonga kwenye matumbo. Mama aliwapepeta kwenye ungo, akaondoa aliowaona, waliobaki wakaenda sokoni. Hata leo nikikumbuka ule ungo mate yananijaa mdomoni, na si mate ya hamu.

Nilisoma, nikapata kazi kwenye maabara ndogo ya mradi, nyumba ya vyumba vitatu mlimani, mahali ambapo ukisimama dirishani unaliona ziwa lote mpaka milima ya Kongo. Kazi yetu ilikuwa kupima sumu kwa kutumia seli. Tulikuwa na seli za ini la binadamu, ambazo zinaishi na kuzaana zenyewe kwenye visahani vya plastiki vyenye vishimo vidogo. Unazitunza kwenye kabati lenye joto la mwili, unazilisha maji mekundu yaliyotiwa majimaji ya damu ya ndama. Ndiyo, damu ya ndama. Mwezi wa kwanza nilikuwa nazilisha huku nimegeuza uso pembeni. Ukitaka kujua kama kitu ni sumu, unakitia kwenye vile vishimo, unasubiri siku moja, halafu unatia rangi ya njano. Seli zikiwa hai, zinaigeuza ile njano kuwa zambarau. Zikiwa zimekufa, njano inabaki njano. Basi, hata mama alielewa nilipomweleza.

Mwaka wa pili wa kazi ile, nilichoka kabisa na wale nzi. Stooni nyumbani kulikuwa na vyandarua vinne vya bluu vya kugawiwa, bado viko kwenye mifuko yake, kwa sababu kwetu tulishakuwa na vya kutosha. Niliwaona wanawake wengine wakitandaza vyandarua vikuukuu chini ya dagaa, nikasema, kama kikuukuu kinafaa, kipya je? Nikavibeba mimi mwenyewe mpaka mwaloni. Nikaufungua mfuko wa kwanza mbele ya mama na kumsomea maandishi yake kwa sauti ya mtangazaji wa redio: kitundike kivulini siku nzima kabla ya kukitumia, usikifulie ziwani. Tukacheka wote wawili. Nani ana siku nzima ya kutundika neti wakati dagaa wanaharibika ndooni? Tulikitandika kwenye kichanja cha miti saa ile ile, dagaa wabichi wakamwagwa juu, maji yakachuruzika.

Wallahi, nzi hawakutua. Walikuja, wakazunguka, wakaondoka. Nilisimama pale nikiwatazama, karibu nilie kwa furaha. Maisha yangu yote nilikuwa naomba kitu hicho kimoja tu.

Sifa zikaenea. Wateja wakawa wanaelekezana: kanunue kwa yule mama wa kichanja cha bluu, dagaa wake hawatuliwi na nzi. Mama akaanza kutembea kwa maringo, kanga mpya, kidevu juu. Na mimi, mwenye kinyaa, kwa mara ya kwanza nikala dagaa wa mama bila kuwakagua mmoja mmoja, wa kukaangwa kwa mawese, na ugali wa muhogo, kila mwisho wa wiki. Mtoto wa dada yangu, aliyekuwa akilelewa pale nyumbani, ndio kwanza alikuwa ameanza kula. Meno manne tu, lakini anagombania kijiko. Kila asubuhi mama alitwanga dagaa kwenye kinu, akachekecha, akamtilia unga wake kwenye uji. Nikasema hongera Mama, huyu atakuwa na mifupa ya chuma.

Siku moja mkuu wa maabara akatutuma tukusanye vitu vya ufukweni tuvipime: maji ya mfereji unaoshuka kutoka majumbani, tope la pale mitumbwi inapotengenezwa, dagaa wa mchangani. Akasema tunahitaji pia dagaa wasafi wa kulinganishia. Hajamaliza sentensi, mkono wangu ulishakuwa juu. Nikaleta mfuko wa dagaa wa mama, nikauweka mezani mbele ya wenzangu kama mtu anayeleta posa.

Wale wa mchangani nilikwenda kuwachukua kwa glavu na barakoa. Niliwachagua wachafu kuliko wote. Nilitaka waaibike.

Tuliwasaga wote, tukatoa majimaji yao, tukayachuja, tukayatia kwenye vishimo. Kesho yake tukatia rangi na kusubiri. Nilipotoa kisahani kabatini, mstari wa dagaa wa mchangani ulikuwa zambarau tupu, unapendeza. Mstari wa dagaa wa mama ulikuwa njano, wote, kuanzia kishimo cha kwanza mpaka cha mwisho.

Nikamgeukia mwenzangu tuliyekuwa tunafanya naye. "Umechanganya vibandiko."

"Dada, vibandiko umeandika wewe," akasema. "Mwandiko si wako huo?"

Nilikuwa mkali, nikamwambia maneno ambayo baadaye nilimwomba radhi. Tukarudia. Njano. Tukarudia tena kwa mfuko mwingine wa mama, wa wiki nyingine. Njano. Ndipo nikakumbuka yale maandishi ya mfuko wa neti, na dawa iliyomo. Nikaenda mwaloni, nikakata kipande cha ile neti pembeni, nikakiloweka, maji yake nikayatia kwenye seli. Kesho yake nilipozitazama kwa hadubini zilikuwa zimejikunja na kubanduka chini, zinaelea ovyo.

Nilitapika kwenye sinki ambalo hata kunawa mikono humo haturuhusiwi. Nilikuwa nimekula dawa ya kuulia wadudu kwa miezi, tena nikilamba vidole. Nzi anayekula mavi na mizoga aliwanusa wale dagaa akasema hapana, na mimi mwenye kinyaa nikasema niongezee.

Mkuu wa maabara alikuwa mtu wa taratibu. Akanikalisha. "Seli si mtu," akasema. "Mtu ana figo, ana damu inayozunguka, mwili unatoa vitu. Na sisi tumekamua majimaji mazito. Hiki kisahani hakikwambii mtoto wenu ataumwa. Kinakwambia usimpe tena mpaka ujue." Sikuwa nimemtajia mtoto. Nadhani nilikuwa namtaja bila kujisikia.

Kulipokucha tu nilikuwa mlangoni kwa Mama. Mama amekaa kwenye mkeka, mtoto mapajani, bakuli la uji linatoa mvuke.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Mbona asubuhi yote hii? Kuna msiba?"

Nikalichukua bakuli, nikatoka, nikamwaga uji shimoni. Mtoto akapiga yowe. Mama akasimama. "Wewe una wazimu? Unamwaga chakula cha mtoto mbele yangu?"

Nikamweleza. Zambarau, njano, neti. Alisikiliza mpaka mwisho, mtoto akiendelea kulia begani kwake.

"Dawa hiyo si walituambia haina neno?" akasema. "Si watoto wanalala ndani yake?"

"Kulala ndani yake haina neno, Mama. Ndiyo kazi yake. Hailiwi."

"Mtoto atapata nini?"

"Sijui."

"Hujui? Mmejua seli zimekufa, hamjui mtoto?"

"Ndiyo hivyo, Mama. Hatujui."

Akanitazama sana. Halafu akauliza polepole, "Nani aliniletea zile neti?"

"Mimi."

Laiti angenitukana, ningepata nafuu. Alijifunga kanga, akambeba mtoto mgongoni, tukaenda zahanati. Wakampima uzito, wakammulika macho, wakamkandakanda tumbo. Wakasema kwa kumtazama yuko vizuri, asipewe tena, aletwe kila mwezi. Njiani kurudi Mama alitembea mbele, akinipa mgongo.

Mchana akashuka mwaloni. Dagaa wote wa magunia, na waliokuwa kichanjani, akawamwaga kwenye shimo. Jirani yake wa kichanja cha pili akaja mbio. "Jamani, usitupe! Nipe mimi!" Mama akachukua ndoo ya majivu, akamwagia juu yao mbele yake. Jirani akatazama zile neti. "Basi hizo neti nipe." Mama akamweleza yote, neno kwa neno, vizuri kuliko nilivyomweleza mimi. Jirani akasonya, akasema ni wivu tu, hataki wengine wapate dagaa wasafi. Kwenye kichanja chake mwenyewe neti ilikuwa imetandikwa, na nzi hata mmoja hakuwepo. Niliutazama ule usafi wake, nikageuza uso pembeni.

Sasa mama anaanika kwenye kichanja cha wavu wa chuma, juu ya mchanga. Nzi wamerudi. Wateja wakipita wanakunja pua, wanakwenda kwa jirani, na mama anawaita na kuwaeleza, wengine wanasikiliza, wengi wanacheka.

Wiki ile alipoanza kuanua dagaa wapya, aliniita nyumbani. Aliwaosha kwa maji moto mara mbili, akawakaanga, akawatwanga, akapika uji. Hakumpa mtoto. Aliweka kijiko kimejaa uji juu ya kisosi, katikati ya mkeka, tukakaa pembeni tukikitazama, mimi, yeye na mtoto anayenyoosha mikono. Nzi akaja. Akazunguka. Akazunguka tena. Nilikuwa nimebana pumzi, wallahi, namwomba nzi.

Akatua. Akatembea ukingoni mwa kijiko, akashusha mdomo, akala.

"Wewe kwanza," mama akaniambia.

Nikamfukuza nzi kwa mkono. Nikakitia kijiko chote mdomoni, nikameza, nikamfungulia mama mdomo aone. Ndipo akavuta bakuli, akamlisha mtoto.