Shemeji Alitaka Kuiona Ndzuani

Iko siku moja, mwanangu, haihusiani na mlima wala na shemeji yangu, lakini kila nikianza habari hii ndiyo inayotangulia, basi niiache ipite. Nilikuwa mtoto, kule kijijini Ntsoudjini kwa bibi. Mwanambuzi alitumbukia katika birika la kukingia mvua, na hatukujua mpaka maji yalipoanza kunuka. Bibi hakupiga kelele. Alikaa kizingitini akatazama mbinguni, na kiangazi ndiyo kwanza kinaanza. Tukaomba maji kwa majirani mpaka mvua ziliporudi. Kisiwa chetu hiki cha Ngazidja ndivyo kilivyo: mvua inanyesha, mawe meusi yanainywa yote, na mto hata mmoja hakuna. Aliyezaliwa huku hujua hilo kabla ya kujua kuhesabu. Mimi kuhesabu kwenyewe nilijifunza ukubwani, sokoni, pamoja na hiki Kiswahili changu.

Bakari hakulijua. Bakari alikuwa mume wa dada yangu Eshata, fundi seremala, mzaliwa wa Mutsamudu kisiwani Ndzuani, na huko mto unapita katikati ya mji. Alikuja Moroni kwa kazi, akamwoa dada, akahamia nyumbani kwetu, mtaa wa Badjanani, maana kwetu nyumba ni ya mwanamke na mume ndiye anayehama. Miaka ikapita. Mtoto wao wa kwanza tulimzika hapa hapa.

Kisha watu wa Ndzuani wakasema wanajitenga na sisi. Meli zikasimama, simu zikakatika, na mama yake Bakari alikuwa Mutsamudu, mgonjwa. Bakari akawa mtu wa kukaa na kunyamaza. Ndipo mtu mmoja sokoni akamwambia kwamba ukifika juu kabisa ya Karthala, mlima wetu wa moto, asubuhi isiyo na mawingu, Ndzuani inaonekana. Tangu hapo hakuwa na neno jingine.

"Kuiona tu kutakusaidia nini?" dada alimwuliza.

"Nitajua ipo."

Tukaanza kupanga, mimi naye, barazani. Wapandao Karthala hulala njiani, lakini siku zile mtu wa Ndzuani kukutwa msituni usiku ilikuwa kujitafutia kesi. Basi tutapanda na kushuka siku moja. Tutaanzia kijiji cha Mvouni, chini ya mlima, baada ya sala ya alfajiri, tupite migombani, tuingie msitu, halafu kile kipande kikali ambacho mtu hupanda kwa mikono na magoti, na tufike kabla ukungu haujafunga. Bakari akapanga mikate, muhogo wa kuchoma, na chupa moja ya maji.

"Moja?" nikamwuliza.

"Ikiisha tutajaza mtoni."

"Mto gani, shemeji?"

"Mlima mkubwa vile utakosaje mto?"

Eshata alicheka mpaka akashika ukuta. "Mume wangu atakufa kwa kiu akitafuta Mutsamudu juu ya Karthala."

"Mlima wenu mchoyo," Bakari akasema. "Unakunywa peke yake." Akacheka naye. Mwanangu, kicheko katika nyumba ile nilikisikia mara ya mwisho siku hiyo.

Wiki hiyo hiyo askari waliotumwa Ndzuani kutoka Moroni walishindwa, na wengine hawakurudi. Mji ukawa na matanga. Ijumaa baada ya alasiri, mimi na Bakari tulikuwa tunarudi na dumu la maji la kuazima, safari ni kesho yake, tukapita uwanjani mbele ya wazee. Vijana wakatuzunguka.

"Huyu hapa mmoja wao," akasema mmoja aliyempoteza kaka. "Eti anapanda mlima. Anakwenda kuwapa wenzake ishara."

Nikafungua kinywa. "Kaa kimya, mtoto," wakaniambia, na ndevu ninazo. Kwetu, mtu asiyefanya ile ndoa kubwa ya kulisha mji ni mtoto, hata awe na mvi, na uwanjani hana sauti. Sikuwa nimeifanya. Sijaifanya mpaka leo, lakini hayo ni mengine.

Akainuka Mjomba Mmadi, kaka wa mama yetu. Yeye aliifanya, na mji mzima ulimsikiliza.

"Huyu ni mgeni wangu," akasema. "Atakayemgusa mgeni wangu amenigusa mimi."

Wakatawanyika. Mgeni haguswi, hilo hata mwenye msiba analijua. Nikashusha pumzi, nikamgeukia Bakari, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepigwa.

"Mgeni," akasema polepole.

Mjomba alimshika mkono. "Nilitafuta neno la kukuokoa, mwanangu."

"Limeniokoa, mjomba. Marahaba," akasema, ndivyo tunavyoshukuru kwetu.

Mjomba angesema "mtoto wetu", wangemburuta Bakari mbele ya macho yake. Nimelitafuta neno jingine miaka yote hii, na sijalipata. Wala sitalipata sasa.

Tulipofika nyumbani, Bakari alipiga hodi. Dada akadhani ni mzaha.

Basi ninalokuambia, mwanangu, ingawa sijui kama linamfaa mtu: aliye ndani ya nyumba yako mwite wako mbele za watu mapema, siku za amani, mara nyingi, mpaka masikio ya mji yazoee. Siku ya ghadhabu neno hilo haliwezi kuzaliwa. Litapatikana lile la kuokoa mwili tu. Mungu akupe nyumba ambamo hakuna anayeulizwa ametoka wapi, na akujaalie usisimame mahali niliposimama mimi.

Bakari alikula kidogo. Akanawa, akamshukuru dada kwa chakula kama wanavyoshukuru watu wa mbali. Akavaa kofia yake, akatoka, akakata kona penye msikiti wa Ijumaa. Eshata alimfunikia chakula cha jioni. Hakurudi.