Kisima Kilichotoka Damu Asubuhi

Mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa fundi katika maabara ya maji mjini Kisumu. Siku moja tulitumwa upande wa Kombewa, kwenye pampu mpya ya mkono iliyokuwa ikitoa maji mekundu kila asubuhi. Ikishapigwa mpaka mchana, yanakuwa safi. Chai iliyopikwa nayo iligeuka nyeusi kama wino. Kina mama wakasema kisima kinatoka damu usiku, wakarudi kuteka ziwani.

Aliyebaki akiyanywa ni mjane mwenye shamba lililochimbwa kisima hicho. Mumewe alizama ziwani na mwili haukuonekana. Aliniambia bila haraka, kama anayenielekeza njia, kwamba mzee amerudi nyumbani kwa kupitia chini ya ardhi.

Nilipima asidi, ikawa nyingi. Kisha nikatumbukiza kwenye ndoo kifaa chenye meno mawili ya chuma, kinachopitisha umeme kidogo kuonyesha maji yanakula chuma kwa kasi gani. Mshale ukapanda, ukabaki juu ukitetemeka.

Tulipong'oa mabomba, la mwisho likakatika mikononi mwetu, jembamba kama karatasi. Kipande kilichobaki kikaanguka kisimani. Tulisikia kikigonga kuta, halafu kimya. Mjane alikuwa amesimama nyuma yetu, ameziba mdomo kwa kanga.

Tukaweka mabomba ya plastiki. Maji yakatoka meupe tangu alfajiri, na majirani wakaanza kurudi. Nilipokwenda kukagua baada ya miezi michache, mjane alinivuta kando.

"Nyathina, mtoto wangu, weka mashine yako tena. Bado yumo?"

Niliweka. Mshale ukapanda palepale. Nikamweleza ukweli: maji hayajabadilika, yamekosa tu chuma cha kula.

Aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Nilidhani nimemwondolea hofu.

Safari iliyofuata alinikaribisha ndani. Kwenye kona ya chumba kulikuwa na mtungi uliofunikwa kwa sahani. Akafunua. Ndani, kwenye maji ya kisima, amelaza jembe la mumewe, na maji yamekuwa mekundu. Makali ya jembe yalikuwa yameshaanza kulika.

"Wewe ndiye uliyeniambia anachokula," alisema kwa upole.

Akachota kikombe, akanipa kwa mikono miwili. Nilikunywa nikiwa nimesimama. Ripoti yangu ilisema pampu inafanya kazi vizuri.