Abiria Wangu wa Mkange

Nikiri mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine. Mimi ni karani wa usafiri wilayani, na mwezi uliopita nilitumwa Mkange kuhesabu abiria wanaokosa nafasi, ili ijulikane kama kijiji kinahitaji basi la pili.

Nilikaa kituoni na daftari langu kila asubuhi, nimechoka, sina hamu ya kuzungumza na mtu. Basi la Bagamoyo lilikuwa likifika limejaa, linachukua wawili watatu, linaondoka. Waliobaki niliwapigia mistari. Siku ya kwanza walibaki tisa. Siku ya tatu, arobaini. Siku ya sita ukurasa haukutosha. Niliona kwamba hakuna aliyebeba hata kikapu, lakini jua lilikuwa kali na hesabu zangu zilikuwa zinapendeza, nikanyamaza. Nikachora grafu iliyosimama kama mnazi.

Mkuu wangu aliipenda sana grafu ile. Juzi tulikwenda naye Mkange ndani ya basi la pili, tupu, tukaukuta umati umejaa kituoni. Dereva akafungua mlango. Hakupanda mtu.

"Shikamoo bibi," nikamwambia bibi mmoja aliyesimama mbele. "Mbona hampandi?"

"Marahaba, mwanangu. Twende wapi? Sisi tulikuona na daftari, tukajua unaandika watu wa mgao wa sukari." Akachungulia ndani ya basi, nyuma ya mgongo wa mkuu wangu. "Ndiyo mmeileta?"